NVDA katika ofisi za Nairobi: itasoma chochote, mradi mfumo wako ukubali kusema

Jibu kwanza, maelezo baadaye. Kwa karani, mhasibu, mwalimu au mpokea simu asiyeona anayefanya kazi kwenye kompyuta ya Windows, programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA inatosha. Haikugharimu hata shilingi, ni nyepesi, na kwenye Word, Excel, Outlook, Chrome na Firefox inafanya kazi bega kwa bega na washindani wake wa bei ghali. Inakokwama ni kwenye ile mifumo midogo ya ndani, ya stoo, ya mishahara, ya ada za shule, iliyoundwa na msanidi programu mmoja miaka kadhaa iliyopita, ambayo ndiyo inaendesha ofisi nyingi za jiji hili. Na hapo, mara nyingi, kosa si la NVDA. Ndiyo maana tathmini hii inatumia muda mwingi kwenye mifumo yenyewe: ukijua kwa nini inanyamaza, utajua pia nani wa kumpigia simu na umwambie nini.

NVDA ni kisoma-skrini, yaani programu inayogeuza yaliyo kwenye skrini kuwa sauti, au kuwa breli kama umeunganisha kifaa cha breli. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. James Teh akaungana naye, na mwaka 2007 likazaliwa shirika la NV Access linaloitunza mpaka leo. Leseni yake ni GPL, ya programu huria. Kwa ofisi maana yake ni kwamba unaiweka kwenye mashine moja au mia, hakuna namba ya kununua wala ada ya kila mwaka, na fundi wako akitaka kuona ilivyoandikwa ndani, anaona. Ukurasa wa kupakua unaomba mchango. Ofisi inayomtegemea mfanyakazi anayetegemea programu hii ingefaa itoe chochote.

Kuisakinisha ni kazi ya dakika chache, na asiyeona anaweza kuifanya peke yake kwa sababu faili likifunguliwa tu linaanza kuongea. Unakubali leseni, unachagua kusakinisha, basi. Kwenye dirisha la kukaribisha kuna mambo mawili ya kuamua papo hapo. La kwanza ni kitufe cha NVDA, ambacho huambatana na karibu kila amri. Kawaida ni Insert, lakini laptop nyingi za ex-UK zinazouzwa Moi Avenue na Luthuli zimeibana Insert pamoja na kitufe kingine, hadi ubonyeze Fn. Kubonyeza vitufe vitatu kwa kila amri kunachosha mkono kabla hata ya saa nne asubuhi, kwa hiyo weka alama kwenye Caps Lock ili nayo ifanye kazi hiyo. La pili ni mpangilio wa kibodi. Ule wa desktop unategemea namba za upande wa kulia. Kama laptop yako haina namba hizo, chagua wa laptop. Kwa mtu wa kuandika kutwa nzima, tunapendekeza kibodi ya USB yenye namba, na amri tutakazotaja hapa chini ni za mpangilio wa desktop.

Mashine yenye RAM ya GB 4 inaiendesha bila kulalamika. Kinachokula kumbukumbu ni Chrome, siyo NVDA. Windows 7 iliachwa nyuma: matoleo ya mwisho yanayoikubali ni ya 2023.3. Kuhusu sikio, tumia earphone za waya. Za Bluetooth humeza silabi ya kwanza kwa kuwa kifaa hulala baada ya kimya kifupi, na silabi ya kwanza ya neno fupi kama "ndiyo" au "hapana" ndiyo unayoihitaji. Kama huna budi kutumia Bluetooth, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya NVDA uongeze sekunde za kukiweka kifaa macho baada ya kusema.

Sauti inayokuja nayo ni eSpeak NG, na Kiswahili kimo. Ni sauti ya mashine, kavu, wala haijaribu kujifanya mtu. Ubora wake unauona ukiiongeza kasi: neno bado linasikika wazi, na anayeizoea husikiliza kwa mwendo ambao mgeni hashiki hata neno moja. Ukichagua Kiswahili, majina ya watu na bidhaa yanatamkwa kwa silabi zake. Shida inaanza kwenye mifumo yetu iliyochanganya lugha: lebo ni "Unit Price", bidhaa ni "Unga wa ngano kilo 2". Sauti ya Kiswahili inavuruga ya kwanza, ya Kiingereza inavuruga ya pili, na NVDA hubadili lugha yenyewe pale tu hati inapotangaza lugha ya kila sehemu, jambo ambalo mifumo hii haifanyi.

Suluhisho ni wasifu wa kila programu. Ukiwa ndani ya mfumo wa stoo, bonyeza NVDA+Ctrl+P, unda wasifu mpya, na kwenye swali la utumike wapi chagua programu iliyo wazi sasa. Kisha NVDA+Ctrl+V, badilisha sauti na kasi, halafu NVDA+Ctrl+C kuhifadhi. Kuanzia hapo, ukiingia stoo unasikia Kiswahili, ukirudi Outlook unasikia Kiingereza, bila kugusa kitu. Wasifu huo huo ndio mahali pa kuzima usomaji wa kila herufi, kwa NVDA+2, kama mfumo unatumia skana ya msimbo pau. Skana hujifanya kibodi, na usipozima, kila bidhaa itakariri tarakimu 13 masikioni mwako.

Kuna pia kamusi za matamshi kwenye menyu ya mapendeleo. Ingiza KSh isomwe "shilingi", PAYE (kodi ya mishahara) na SHA (bima ya afya ya serikali) zisomwe herufi kwa herufi. Ila unapoingiza SHA, chagua aina ya neno zima na uweke alama ya kuheshimu herufi kubwa. Ukiliacha lioane popote, kila "mishahara" itakatwakatwa, maana "sha" imo ndani yake. Kwa namba za kitambulisho na za simu, ambazo sauti huzisoma kama mamilioni, bonyeza NVDA na mshale wa juu mara mbili haraka: mstari utatamkwa tarakimu moja moja.

Sasa kiini cha jambo. NVDA haiangalii skrini kama jicho linavyoangalia. Inaiuliza programu: hapa nilipo ni nini, kinaitwaje, kina thamani gani, kiko katika hali gani? Programu hujibu kupitia njia rasmi: MSAA ya tangu miaka ya 1990, UI Automation iliyokuja na Windows Vista, IAccessible2 inayotumiwa na Firefox na LibreOffice, na Java Access Bridge kwa zile za Java. Msanidi akitumia vifaa vya kawaida vya Windows, majibu mengi hujitokeza bila yeye kujua. Akichora vitufe vyake mwenyewe kwa rangi na picha, hakuna jibu, na NVDA haiwezi kubuni.

Chukua fomu ya kupokea mzigo. Ina visanduku vinne: Msambazaji, Namba ya ankara, Kiasi, Bei. Chini kuna kitufe chenye picha ya diski. Kwa anayeona iko sawa kabisa. Bonyeza Tab na NVDA inasema "edit, blank". Tab tena, "edit, blank". Vyote vinne hivyo hivyo, na ya tano inasema "button", basi, bila jina. Mtu akilazimishwa kufanya kazi na fomu hii atakariri: Tab ya tatu ni kiasi, ya nne ni bei. Ataweza, kwa muda. Siku msanidi atakapoongeza kisanduku cha tarehe katikati, bei itaingia mahali pa kiasi, mfumo utakubali, na hakuna atakayegundua mpaka siku ya kuhesabu stoo. Lawama zitamwangukia asiyeona, na hilo linatuuma sana kwa sababu marekebisho yenyewe ni ya nusu saa. Fomu iliyorekebishwa, ukifika pale pale, inasema: "Kiasi, edit, Alt+k, selected 24". Jina, aina, mkato wa kibodi, thamani. Hakuna zaidi kinachohitajika.

Kabla ya kumpigia msanidi, mpe ushahidi. Simama kwenye kisanduku kilichonyamaza na ubonyeze NVDA+F1. Litafunguka dirisha la kumbukumbu lenye mistari ya Kiingereza, tafuta miwili. Wa "name" ukionyesha None au alama tupu za kunukuu, jina halijatolewa. Wa "windowClassName" unakuambia mfumo umejengwa kwa nini, na huo ndio unaoamua dawa. Ukianza na WindowsForms10, ni Windows Forms. HwndWrapper ni WPF. SunAwtFrame ni Java. ThunderRT6 ni Visual Basic 6, ambayo bado ipo hai kwenye maduka mengi kuliko watu wanavyodhani. Chrome_RenderWidgetHostHWND ni Electron au kivinjari. Qt hujitaja kwa jina lake. TkTopLevel au TkChild ni Tkinter, ya Python, na hiyo ina habari mbaya tutakayoifikia. Nakili maandishi hayo yote uyatume kwa barua pepe. Msanidi makini atajua pa kuanzia.

Kwenye Windows Forms, kisanduku huchukua jina la lebo inayokitangulia katika mpangilio wa Tab. Msanidi aliyeburuta vitu hovyo anaweza kuwa na lebo yenye TabIndex (namba ya zamu ya Tab) 12 na kisanduku chake chenye 3. Matokeo si ukimya tu. Wakati mwingine NVDA hutangaza "Bei" ukiwa kwenye kiasi, na hilo ni baya kuliko kunyamaza, kwa kuwa linaaminika. Dawa: Visual Studio, menyu ya View, Tab Order, kisha bonyeza lebo, kisanduku chake, lebo inayofuata, kisanduku chake, mpaka mwisho. Weka alama ya & kabla ya herufi moja ya lebo upate na mkato wa Alt bure. Kitufe cha picha kiandikiwe AccessibleName, "Hifadhi", na kazi imeisha. Maandishi hafifu ndani ya kisanduku yanayopotea ukianza kuandika hayahesabiki kuwa lebo, hata yakipendeza namna gani.

WPF ina mitego yake. Maandishi yaliyowekwa kando ya kisanduku hayaungani nacho yenyewe. Ni lazima AutomationProperties.LabeledBy iyataje, au AutomationProperties.Name iandike jina moja kwa moja. Mtego mkubwa uko kwenye orodha. Ukishuka kwenye orodha ya bidhaa na kila mstari unasomwa "Stoo.Models.Bidhaa", "Stoo.Models.Bidhaa", msanidi amefunga orodha kwenye vitu vyake bila kusema vinaitwaje, na Windows imechukua jina la darasa la msimbo. Kwa macho hakuna kasoro yoyote, ndiyo maana hakuna mtu mwingine anayelalamika. Kuandika upya ToString ya darasa hilo irudishe jina la bidhaa kunamaliza tatizo kwa mstari mmoja.

Programu za Java zikinyamaza kabisa, kabla ya kumlaumu mtu fungua kidokezo cha amri (Command Prompt), ingia kwenye folda ya bin ya Java na uandike jabswitch -enable, kisha funga programu na uifungue upya. Wengi hawajui kwamba daraja lile, Java Access Bridge, huweza kuwa limezimwa. Kama programu imekuja na Java yake ndani iliyopunguzwa ukubwa kwa jlink, msanidi ahakikishe ameiweka moduli ya jdk.accessibility, bila hiyo hakuna daraja la kuwasha. Baada ya hapo ndipo setLabelFor kwenye kila lebo.

Kwenye Delphi, TLabel si dirisha bali ni maandishi yaliyopakwa kwenye fomu, kwa hiyo Windows haina cha kukisoma. TStaticText ni dirisha kamili, na ikiwekwa mara kabla ya kisanduku inatoa jina. Kwenye Qt ni setBuddy kwa lebo na setAccessibleName kwa vitufe vya picha. Electron ni ukurasa wa wavuti ndani ya dirisha: kinachoonekana kama kitufe kiwe "button" ya kweli, siyo div iliyopakwa rangi, ambayo Tab huiruka kana kwamba haipo.

Tkinter ndiyo habari mbaya. Wanafunzi wengi hujifunza nayo, na miradi yao huishia kuuzwa kwa maduka na shule. Tk 8.6 haitoi majibu yoyote kwa kisoma-skrini kwenye Windows, na hakuna mstari wa kuongeza utakaoifanya itoe. Msanidi asipoteze wiki akitafuta. Ahamishe fomu kwenye wxPython, inayotumia vifaa vya Windows vyenyewe. Madirisha ya NVDA yamejengwa kwa wxPython hiyo hiyo, kwa hiyo mfano wa kuiga upo mkononi.

Kasoro moja inakutana na kila aina ya mfumo: ujumbe unaotokea na kupotea. Umebonyeza Hifadhi, pembeni yakaja maandishi ya kijani "Imehifadhiwa" kwa sekunde mbili. Asiyeona hakusikia chochote, akabonyeza tena, na ankara ikaingia mara mbili. Kama ujumbe unakaa kwenye upau wa hali, NVDA+End itausoma. Kama unapotea, msanidi atumie LiveSetting kwenye WPF na kutoa tukio la LiveRegionChanged, au arudi tu kwenye kidirisha cha kawaida chenye OK. Kidirisha cha kawaida NVDA hukisoma chote bila kuombwa.

Je, msanidi ameshahama, simu haipokewi, na msimbo haupo? Hapo bado kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuipa NVDA majina wewe mwenyewe. Kwenye mipangilio ya juu (Advanced) ruhusu folda ya majaribio ya wasanidi, kisha ndani ya folda ya data ya programu (%APPDATA%), nvda, scratchpad, appModules, weka faili la Python lenye jina sawa na la programu: stoo.exe inapata stoo.py. Faili hilo lina darasa la AppModule lenye tukio event_NVDAObject_init, na ndani yake unasema: kama windowControlID ni 1004, obj.name iwe "Kiasi". Namba ya 1004 unaipata kwenye NVDA+F1. Inafaa kwenye dayalogi za zamani za C++, ambazo namba zake hazibadiliki. Kwenye Windows Forms na Delphi usijaribu kwa namba, maana hubadilika kila programu inapofunguliwa.

Ya pili ni kusoma picha. NVDA+R kwenye Windows 10 au 11 hutambua maandishi yaliyo kwenye kitu ulichosimama juu yake na kuyaleta kama hati; unatembea kwa mishale, na Enter hubofya pale ulipo. Inasaidia kusoma hitilafu iliyochorwa au kubofya kitufe kimoja kaidi. Usiikubali kama njia ya kazi ya kila siku. Picha ni ya wakati ulipobonyeza, na ikikosea tarakimu moja ya bei huwezi kujua.

Mgongano mwingine wa kawaida ni mfumo unaotumia Insert kuongeza mstari. NVDA huichukua kabla haijafika. Bonyeza Insert mara mbili haraka, ya pili hupita. Au NVDA+F2, kisha kitufe chochote unachotaka kifike kwenye programu.

Kampuni nyingi sasa zimeweka mfumo wa uhasibu kwenye seva na wafanyakazi wanaingia kwa Remote Desktop. Hapa NVDA iliyo kwenye kompyuta yako haioni kitu, kwani kinachokuja ni picha tu. AnyDesk na TeamViewer ni hivyo hivyo. Jibu ni NVDA iwe ndani ya seva, na kwenye mipangilio ya muunganisho sauti ichezwe kwenye kompyuta hii. Tangu toleo la 2025.1, NVDA ina uwezo wake yenyewe wa kuunganisha kompyuta mbili zenye NVDA, kupitia menyu ya zana: mmoja anaruhusu, mwingine anadhibiti, wote wanatumia ufunguo mmoja. Kinachosafiri ni maneno na vitufe, siyo picha, kwa hiyo hata intaneti ya bando la simu inatosha. Fundi asiyeona anaweza kumsaidia mwenzake aliye Thika bila kupanda matatu.

Nakala ya kubebeka kwenye flash ni ya manufaa kwa mtu wa kwenda cyber. Utaiunda kwenye menyu ya zana. Ujue mipaka yake: haisomi skrini ya kuingia, haisomi lile dirisha la kuomba ruhusa ya msimamizi, na programu ikifunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi wakati NVDA haina, inanyamaza. Mifumo mingi ya zamani ya stoo huwekwa ifunguke kwa ruhusa ya msimamizi kila siku. Ukisikia mtu anasema NVDA "inafanya kazi kwangu lakini kwa karani haifanyi", uliza kwanza kama imesakinishwa au inaendeshwa kutoka kwenye flash.

Excel ni sehemu NVDA inayong'ara, mradi jedwali limepangwa. Simama kwenye seli ya kwanza ya mstari wenye vichwa, bonyeza NVDA+Shift+C, na kuanzia hapo kila unapohamia safu wima nyingine inakutajia kichwa chake: "Mshahara wa msingi, 45,000". Taarifa hiyo huhifadhiwa ndani ya faili, kwa hiyo mwenzako akilifungua anaipata. NVDA+F7 hutoa orodha ya karatasi, chati, maoni na fomula. Kinachoharibu ni seli zilizounganishwa kwa ajili ya urembo. Vichwa hupotea au husogea. Vitufe vilivyochorwa juu ya karatasi navyo Tab haivifikii. Kama mwandishi wa karatasi hakuficha majina ya makro, Alt+F8 itazitaja na utaendesha unayoitaka.

Kuhusu washindani. JAWS ilizaliwa enzi za DOS mwaka 1989, na bado inaishinda NVDA kwenye baadhi ya mifumo mikubwa ya mashirika ambayo imeandikiwa skripti maalumu. Ni ya kulipia, na bila leseni inafanya kazi dakika 40 kisha inataka uwashe kompyuta upya. Mwajiri aliye na mfumo wa namna hiyo ailipie bila kusita. Narrator, inayokuja na Windows na kuwashwa kwa Ctrl+Windows+Enter, imekua sana. Sisi tunaithamini zaidi kama gurudumu la akiba, siku NVDA ikigoma kuwaka. Kwenye Linux kuna Orca. Hakuna hata moja kati ya hizi itakayosema jina la kisanduku ambacho msanidi hakukipa jina.

Kwa hiyo jaribu mfumo kabla ya kulipa, siyo baada. Muuzaji akija na laptop yake, muombe muda mfupi, weka NVDA, kisha zima skrini. NVDA ina pazia la skrini kwenye mipangilio yake linaloifanya nyeusi, na kumuona muuzaji mwenyewe akijaribu kutoa ankara gizani kunaeleza mengi kuliko barua. Fanya kazi tatu kamili: ingia kwa nenosiri, ingiza rekodi moja na uihifadhi, tafuta rekodi ya jana na uichapishe. Kila unaposikia "edit" au "button" bila jina, andika. Orodha hiyo iwe sehemu ya mkataba, na malipo ya mwisho yasubiri ifungwe. Si kuomba hisani. Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvuka vikwazo, na KEBS, shirika la viwango la Kenya, imetoa kiwango cha KS 2952 kuhusu ufikivu wa bidhaa na huduma za TEHAMA. Taja vyote viwili kwenye tangazo la zabuni.

Jambo la mwisho ni masasisho. Toleo la kwanza la kila mwaka, lile linaloishia na .1, huvunja viongezi (programu ndogo za kuiongezea NVDA uwezo) vilivyoandikwa kwa matoleo ya nyuma mpaka watunzi wavisasishe. Kama kazi yako inategemea kiongezi kutoka kwenye duka la viongezi, au faili la stoo.py ulilolitengeneza, usisasishe kabla ya tarehe 9 wakati PAYE haijawasilishwa. Unda nakala ya kubebeka ya toleo lililopo pamoja na mipangilio yako, iweke kwenye flash, sasisha tarehe 10, na ujaribu zile kazi tatu kabla ya kuifuta nakala ya zamani.